Karatasi Iliyoandikwa AS: Mbebaji wa Selimundu na Ukoo Wake

Waheshimiwa viongozi wa dini, wazazi wangu, na ninyi vijana mlioacha shughuli zenu za Jumamosi ili kuja hapa: shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi.

Nimeombwa nieleze maana ya kuwa mbebaji wa selimundu, au sikoseli kama wengi wetu tunavyoiita. Kazi yangu ni ya maabara, na katika miaka yote niliyoifanya sijaona karatasi ya majibu inayosomwa vibaya kama ile iliyoandikwa AS. Wapo wanaoipokea wakadhani kwamba ni wagonjwa, na wapo wanaoambiwa kuwa ni wazima wakaikunja, wakaitia mfukoni na kuisahau. Wote wamekosea, kwa sababu majibu hayo hayamhusu aliyetolewa damu peke yake. Ni habari ya ukoo mzima ambayo imejulikana kupitia mkono wake.

Jina lenyewe linatokana na mundu, huu huu tunaovunia mpunga. Chembe nyekundu ya damu iliyo ya kawaida ni ya mviringo na laini, nayo hupenya kwenye mishipa myembamba kuliko unywele. Kwa mgonjwa wa selimundu, himoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni, ina tofauti ndogo mno: kwenye nafasi ya sita ya mnyororo wake mmoja, asidi ya glutamiki imeondoka na valini imekaa mahali pake. Basi himoglobini hiyo ikishaachia oksijeni hushikamana, chembe ikakakamaa, ikajipinda kama mundu na kuziba mishipa, na ndipo yanapokuja maumivu ya mifupa, upungufu wa damu, na ile mikono na miguu ya mtoto inayovimba anapokaribia nusu mwaka wa kuzaliwa.

Mbebaji hayuko hivyo. Kila mtu hupokea kinasaba kimoja cha himoglobini kutoka kwa baba na kimoja kutoka kwa mama, na mbebaji amepokea A, yaani kile cha kawaida, upande mmoja na S, yaani kile cha selimundu, upande mwingine; ndiyo maana karatasi yake huandikwa AS. S yake kwa kawaida haifiki nusu ya himoglobini yote, kwa hiyo hulima, hucheza mpira na huzaa kama watu wengine. Anayekwenda kwenye mafunzo makali ya jeshi, au kupanda mlima mrefu, aseme hali yake mapema na anywe maji ya kutosha; na akiona damu kwenye mkojo, aende hospitali. Zaidi ya hayo AS si ugonjwa, wala haigeuki kuwa SS, yaani S kutoka pande zote mbili, ambayo ndiyo ugonjwa wenyewe, mtu anapozeeka.

Mzee mmoja ameniuliza pale mlangoni kwa nini jambo hili limetuandama sisi. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba S imeenea mahali ambapo malaria imekuwa nyingi, na kwamba mtoto mwenye AS hakingwi asiambukizwe bali hukingwa kwa kiasi kikubwa asiuawe na malaria kali. Nchini Uganda, damu za watoto wachanga zilipopimwa nchi nzima, wabebaji walikuwa asilimia 13.3. Sisi wa Kanda ya Ziwa tumekaa na mbu vizazi na vizazi, na wengi wetu tupo hapa leo kwa sababu bibi fulani alikuwa na hiyo S. Anayeiita laana ya ukoo hajui anachokisema.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndiyo inayovunja nyumba. Mbebaji akioana na mwenye AA, yaani asiye na S kabisa, hawatazaa mtoto mwenye SS, ingawa kila mtoto ana nusu ya uwezekano wa kuwa mbebaji. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa robo kuwa SS, nusu kuwa AS, na robo kuwa AA. Sikilizeni neno hilo: kila mimba. Mama mmoja aliwahi kuniambia kwa furaha kwamba ameshampata mgonjwa wake, kwa hiyo watatu wanaofuata watakuwa wazima. Hakuna zamu hapa. Mimba haiikumbuki iliyoitangulia.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayotuficha ukweli. Wabebaji wawili wenye watoto wanne wana uwezekano unaokaribia theluthi moja wa kutokuwa na mgonjwa hata mmoja, na wenye watoto wawili uwezekano wao unazidi nusu. Kwa hiyo mtu anayesema "kwetu haipo" huenda anasema tu kwamba kwao haijajitokeza, na zamani hata ilipojitokeza, mtoto alizikwa ikasemwa ni homa.

Katika mambo yote ya siku hii, ninalotaka lifike kwa akina baba ni hili. Mtoto wa SS amepokea S mbili, na haiwezekani zote mbili ziwe zimetoka kwa mama. Nimeona wanawake wakirudishwa kwao na mtoto mgongoni kwa madai ya kuleta ugonjwa, na mwanamume akaoa tena bila kupimwa, akiwa ameibeba S yake mwenyewe hadi nyumba ya pili.

Mtoto akikutwa na SS, ndugu zake wasio wagonjwa nao wana uwezekano wa theluthi mbili kuwa wabebaji, na shangazi, baba wadogo na wajomba zake wanastahili kuambiwa. Huku kwetu habari ya shamba humfikia mjomba siku hiyo hiyo. Ya damu hukaa kabatini miaka kumi. Kwa wanaooana binamu kwa binamu, kama ilivyo desturi ya baadhi ya familia za pwani, kimya hicho kina gharama kubwa zaidi, kwa sababu S ya babu mmoja inaweza kushuka kwa mume na kwa mke, ikakutana nyumba moja.

Je, wabebaji wawili wazuiwe kuoana? Saudi Arabia imelazimisha upimaji kabla ya ndoa tangu mwaka 2004, lakini uamuzi wa kuoana umebaki kwa wahusika wenyewe, nami naona hilo ni sawa. Ila swali liulizwe kabla mshenga hajapeleka barua ya posa, kwa kuwa baada ya mahari watu huona haya kuuliza.

Mkienda kupimwa, ombeni elektroforesisi ya himoglobini, yaani kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, kwa maana kile kipimo cha zamani cha darubini huonyesha kwamba S ipo bila kutenganisha AS na SS. Aliyeongezewa damu asubiri miezi mitatu hivi, la sivyo tutakuwa tunasoma damu ya mwenzake. Majibu apewe mhusika faraghani, kwa sababu karatasi ya mtoto ikilinganishwa na za wazazi inaweza kuibua maswali ambayo hayapaswi kujibiwa kwenye foleni.

Nitapokea maswali kuanzia upande wa akina mama. Wenye maswali yasiyofaa kuulizwa hadharani watanikuta nje, chini ya mwembe, hadi saa nane.