Kabla Mashine Mpya Haijawashwa, Tuulize Kuhusu Mikono Yetu

Mbukwenyi ndugu zangu wa Dodoma, na nyie wa Singida na Manyoni. Nikiona viwanda vinavyoinuka pale Nala nafurahi kweli. Lakini kuna jambo nataka tuliongee mapema: usalama wa watakaofanya kazi kwenye mashine hizo.

Huku Ujerumani nafanya kazi kwenye kiwanda cha vipuri vya magari. Mbele ya mashine yangu kuna nguzo mbili, na katikati yake inapita miale ya mwanga usiouona kwa macho. Kidole kikiikatiza tu, mashine inasimama hapo hapo. Haikuulizi kama umechoka au kama mtoto anaumwa nyumbani.

Kwetu usalama tunamwachia kibarua: "Kuwa makini!" Ingia kwenye mashine ya kukamua alizeti uone. Mkanda unazunguka wazi, kijana anamimina alizeti huku mkono wa shati unaning'inia, kelele mpaka watu wanaongea kwa ishara. Akidakwa na mkanda, anaambiwa mzembe. Jamani, mtu aliyesimama tangu alfajiri atakuwaje makini kila sekunde?

Sisemi mashine za kisasa, kama roboti, hazina hatari. Mwaka 1979, katika kiwanda cha Ford huko Flat Rock, Michigan, Robert Williams, kijana wa miaka 25, aligongwa na mkono wa roboti akichukua vipuri kwenye rafu, akafa. Mpaka leo hatari kubwa iko pale binadamu anapoingia eneo la roboti kuzibua, kusafisha au kutengeneza. Ndiyo maana fundi huku anazima swichi kuu kwanza, anapiga kufuli lake mwenyewe, ufunguo anautia mfukoni. Mafundi wakiwa watatu, kufuli ni tatu. Hakuna wa kuwasha mpaka wote watatu wametoka. Wanatoa na hewa iliyobanwa kwenye mabomba, kwa sababu mkono wa mashine unaweza kushuka hata umeme ukiwa umezimwa. Kufuli halihitaji kompyuta. Mwenye mashine Kongwa anaweza kuanza nalo kesho.

Kinachonisumbua zaidi ni kasi. Mizigo mizito sasa inabebwa na roboti, mgongo wangu umepumua, nashukuru. Ila zimebaki kazi ndogo za kurudia, mzunguko ule ule wa kiganja kutwa nzima, na usiku kifundo kinawaka moto. Juu yetu kuna skrini inayohesabu vipande ulivyotengeneza na dakika ulizoacha kazi. Wenzangu wanabana haja ndogo wasije wakaonekana wavivu! Wakati vihisi hivyo hivyo, yaani vifaa vinavyopima kinachoendelea kwenye mashine, vinaweza kumwambia fundi kwamba beringi inapata joto, aibadilishe kabla haijapasuka. Vitamlinda mfanyakazi au vitamkimbiza, hilo anaamua mwenye kiwanda, na tukinyamaza ataamua peke yake.

OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wana sheria, namba 5 ya mwaka 2003, na wakaguzi wapo. Waiteni mashine ikiwa bado inafungwa. Mfuko wa fidia, WCF, unakuja mtu ameshaumia, na fidia hairudishi kidole.

Wewe uliyeko kiwandani, muulize msimamizi wako wiki hii: wakati wa matengenezo, ufunguo wa swichi kuu anakaa nao nani? Niandikie alichokujibu. Video ijayo nawaonyesha kufuli lenyewe na linavyofungwa, hatua kwa hatua.