Umeme wa Pedali: Wati Chache Zisipotee Njiani

Ndugu zangu, tuanze na hesabu kabla ya vyuma. Mtu mzima mwenye afya, akikanyaga pedali za baiskeli ya kuzalisha umeme kwa mwendo anaoweza kuuhimili saa nzima, hutoa wati 70 hadi 100. Sehemu kubwa hupotea kwenye mnyororo, mkanda na mota inayozungushwa ili itoe umeme, kwa hiyo wekeni akilini kwamba betri itapokea kama wati 50. Saa moja ya jasho inachaji simu mbili, au inawasha taa ya LED ya wati 5 kwa saa nane hivi. Pasi ya wati 1000 iacheni kabisa. Mkono nao huchoka mapema kuliko mguu. Ndiyo maana mashine za kuzungusha kwa mkono hufaa redio na tochi tu.

Kosa linalorudiwa sana ni kufunga alteneta, yaani jenereta ya gari, kwa kuwa gereji zimejaa alteneta kuukuu. Alteneta haina sumaku ya kudumu. Huvuta umeme wa betri ili kujitengenezea sumaku, na hapo tu wati 30 zinaweza kwisha. Tena hutaka kuzungushwa kasi mno. Mtakanyaga hadi magoti yaume, na betri isijae.

Tafuteni mota ya DC (umeme wa mkondo mmoja) yenye sumaku za kudumu, volti 24, wati 250, kama za skuta za umeme. Ili itoe volti 14 za kuchaji betri ya volti 12, mota ya namna hiyo huhitaji mizunguko kama 1,700 kwa dakika. Miguu hukanyaga 60. Giya ya mbele ya meno 44 na friwili ya nyuma ya meno 18 huzidisha mara 2.44. Vueni tairi la nyuma, pitisheni mkanda juu ya rimu yenyewe hadi kwenye puli ya milimita 50: rimu ya milimita 600 huzidisha mara 12. Jumla ni mizunguko kama 1,760 kwa dakika. Kusugua mota kwenye tairi ni rahisi kufunga, lakini mpira unaobonyea hula nguvu. Mkanda ukilegea, utateleza kwenye puli ndogo. Tobo za kufungia mota ziwe ndefu ili muweze kuukaza.

Kati ya mota na chanya ya betri wekeni dayodi ya Schottky ya ampea 15, inayopitisha umeme upande mmoja tu. Bila hiyo, mkiacha kukanyaga betri itaizungusha mota na kujimaliza. Fyuzi ya ampea 15 ikae karibu kabisa na betri. Voltimita iwe mbele ya macho ya mkanyagaji: ikifika 14.4, apunguze.

Na msichomoe betri mtu akiwa anakanyaga huku chaja ya simu imeunganishwa. Volti hupanda ghafla hadi 20 na zaidi, chaja ikaungua.

Sasa shikeni multimita, kile kipimo cha umeme. Tukanyage kwanza bila kuunganisha chochote, tusome mota inatoa volti ngapi.