Namba Juu ya Barua: Masjala ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani Baada ya 1906

Ndugu watunza kumbukumbu, na nanyi wanafunzi wa historia,

Kila aliyewahi kushika barua ya serikali anaijua ile "Kumb. Na." iliyo juu ya anwani, na wengi wetu huipita bila kuisoma. Leo naomba tuisome, kwa sababu naamini kwamba namba hiyo ndiyo inayoamua serikali itaweza kukumbuka nini.

Hadi 1906, masjala ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilipanga barua kwa kumfuata mwandishi. Taarifa za mabalozi zilijalidiwa peke yake, maagizo kutoka Washington peke yake, na barua za mabalozi wadogo, wale walioshughulikia biashara na mabaharia, nazo peke yake, zote kwa mfuatano wa tarehe. Ubalozi mdogo wa Zanzibar, ulioanza 1837 chini ya Richard Waters wa Salem, umo katika mpangilio huo. Anayetafuta habari za merikani, ile nguo iliyobeba jina la nchi ilikotoka, hana budi kufunua ukurasa baada ya ukurasa.

Mwaka 1906, Elihu Root akiwa Waziri, sheria ya tarehe 5 Aprili iliwapanga mabalozi wadogo katika madaraja yenye mishahara na kuwawekea wakaguzi. Agosti mwaka huohuo masjala nayo iligeuzwa: barua ikaanza kufuata shauri, wala si mwandishi. Mwaka 1910 ukaja mfumo wa desimali, ambao tarakimu ya kwanza ilitaja aina ya jambo, zilizofuata zikataja nchi, na zilizobaki zikalichambua jambo lenyewe. Vita Kuu ya Kwanza nzima iliwekwa chini ya 763.72, yaani uhusiano wa kisiasa kati ya Austria na Serbia, kwa kuwa ugomvi ulianzia hapo.

Lakini jalada ninalotaka tulikalie ni 867.4016. Nane ni mambo ya ndani ya nchi, 67 ni Uturuki, na 4016 ni masuala ya jamii na asili za watu. Humo ndimo zilimoingia habari za maangamizi ya Waarmenia, jamii ya Wakristo iliyoishi katika dola ya Uturuki. Marekani haikuwa bado vitani, hivyo watumishi wake walibaki vituoni mwao katika dola hiyo: mabalozi wadogo Leslie Davis huko Harput na Jesse Jackson huko Aleppo, na Balozi Henry Morgenthau mjini Constantinople, ambaye tarehe 16 Julai 1915 alipeleka telegramu kwamba kampeni ya kuangamiza taifa zima ilikuwa ikiendelea. Kwa utaratibu wa zamani, telegramu ya balozi na barua za mabalozi wadogo zingelazwa katika majuzuu mbalimbali. Sasa afisa wa Washington aliyelifungua jalada hilo aliwakuta mashahidi wa miji iliyo mbalimbali wakisema jambo moja.

Davis hakuishia kuandika aliyoambiwa. Alipanda farasi hadi ziwa Göljük, akaiona miili ya waliouawa kwa macho yake. Ripoti yake ndefu ya Februari 1918, aliyoiandika baada ya kurejea kwao, nayo ilipewa namba ileile, 867.4016, ikakaa pamoja na barua za 1915.