Hiyo chupa ya kratom pale kaunta

Haya jamani, sogeeni mbele, huko nyuma hamtanisikia. Leo naongelea kratom, ile inayouzwa kwenye sheli hapa Marekani, pale kaunta, na najua humu ndani wapo wanaokunywa ili mgongo utulie baada ya shifti ya usiku, sitauliza nani.

Ni jani la mti wa huko Thailand na Malaysia, ukoo mmoja na kahawa, vibarua wamelitafuna miaka na miaka ili wavumilie jua. Thailand wenyewe walilipiga marufuku 1943, wakaja kuliruhusu 2021. Sasa mtu ananiambia dada si ni ya asili hiyo? Sawa, hata kasumba inatoka kwenye ua. Ndani ya jani kuna kemikali inaitwa mitrajinini, ikifika kwenye ubongo inashika palepale inaposhika mofini, ile dawa kali ya maumivu inayotokana na kasumba. Ukinywa kidogo unachangamka, ukizidisha unasinzia, unatapika, choo kinagoma, wengine wameanguka degedege. Na ini nalo linaweza kuumia, mwili mzima unawasha, macho ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, ukiona hivyo acha siku hiyohiyo uende hospitali.

Halafu jani la kutafuna na hiki cha chupani si kitu kimoja, hapo ndo mnapigwa. Siku hizi kuna vidonge vimeandikwa 7-OH, kemikali ambayo kwenye jani ipo chembe tu, wao wameikoleza, na maabara inaonyesha ni kali kuliko mofini. Julai 2025 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, wakapendekeza idhibitiwe kisheria. Na usafi wenyewe ndo usiseme, 2018 watu 199 waliugua salmonela, bakteria wa kuharisha, iliyotoka kwenye kratom.

Kinachonitisha zaidi ni kuchanganya. Pombe, dawa ya usingizi, kidonge cha maumivu, ukiongeza na hii pumzi inapungua mpaka inakata, na wengi waliokufa walikutwa na kitu kingine mwilini, hasa fentanili, dawa ya maumivu kali kuliko mofini.

Aliyezoea asiache ghafla peke yake, atapata arosto, makamasi, misuli inauma, usingizi hakuna, hasira kwa watoto, amwone daktari apunguziwe taratibu. Mjamzito asiguse kabisa, mtoto anaweza kuzaliwa na arosto yake.

Na mkimkuta mtu hapumui vizuri pigeni 911, Narcan, ile dawa ya kumzindua aliyezidiwa na dawa za jamii ya mofini, mkiwa nayo mpulizieni puani, na ile chupa mwende nayo, maana kipimo cha kawaida cha mkojo hakioni kratom na msiposema nyie hakuna atakayejua.