PhD ya uchumi wa biashara: kaka Baraka anataka kuacha benki

ZUHURA: Inarekodi? Haya karibuni jamani, niko na kaka Baraka kama kawaida, ila leo ana lake, wiki nzima ananitumia linki za vyuo saa sita usiku mimi nimelala.

BARAKA: Dada si wewe ulisema niulize! Mimi benki nipo mwaka wa nane sasa, masta ninayo, nataka PhD ya uchumi wa biashara, na wewe ushapita huko. Nianzie wapi?

ZUHURA: Anza na hilo jina, maana linachanganya watu vibaya. Pale Harvard programu yenye jina hilo inaendeshwa na idara ya uchumi pamoja na shule ya biashara, yaani mwaka wa kwanza unakaa darasa moja na wachumi wenyewe, maikro, yaani uchumi wa mtu mmoja mmoja na kampuni, ekonometriki, yaani takwimu za kiuchumi, hesabu mtindo mmoja. Sasa nenda Sweden, uchumi wa biashara kwao ni uongozi wa makampuni, uhasibu, masoko, mtu anaweza kumaliza kwa kuwahoji mameneja thelathini asiguse mlinganyo hata mmoja. Zote PhD, zote nzuri, ila ukijichanganya umeumia.

BARAKA: Na Sweden nasikia wanakulipa.

ZUHURA: Wanakuajiri kabisa, mshahara, likizo, ada hakuna, masomo yenyewe miaka minne, ukifundisha inaenda mpaka mitano. Ndo maana nafasi moja inagombewa na watu kibao, na inatangazwa kama kazi, kwa hiyo unaomba kazi. Marekani nako vyuo vikubwa vinakulipia ada na posho juu, sasa mtu anakuja kuniambia ameuza kiwanja akasome PhD ya uchumi Marekani mi nashindwa hata kumjibu.

BARAKA: Na mtu asiyetaka kutoka huku?

ZUHURA: Kuna ile programu ya pamoja ya AERC, lile shirika la utafiti wa uchumi la Nairobi, lipo tangu 1988. UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni mojawapo ya vyuo vinavyotoa hiyo digrii. Unasoma maikro, makro, yaani uchumi wa nchi nzima, na mbinu za kitakwimu chuoni kwako, halafu masomo ya kuchagua mnakutanishwa Nairobi na wenzenu kutoka nchi nyingine, mnakaa miezi kadhaa. Mtu akikwambia PhD ya hapa ni ya kujisomea na kumngoja msimamizi koridoni, hiyo hajaiona.

BARAKA: Hesabu sasa. Niambie ukweli.

ZUHURA: Ukweli maikro nilianguka mara ya kwanza. Nimetoka kuangalia matokeo nikakaa kwenye ngazi za maktaba na chapati yangu kwenye gazeti, sikuila, mafuta yakaloanisha gazeti lote mpaka kwenye sketi. Na masta nilikuwa na A tupu! Shida masta unatumia fomula, huku unaambiwa thibitisha kwamba jibu lipo, halafu thibitisha kwamba ni moja tu. Kama ni mimi ningekuwa wewe, kabla ya linki zote hizo ningetafuta mwalimu wa hesabu wa chuo, miezi sita, jioni jioni.

BARAKA: Aisee. Mimi nilidhani uzoefu wa benki utanibeba.

ZUHURA: Utakubeba ila sio hapo, utakubeba kwenye swali. Chukua M-Pesa, imeanza Kenya 2007, wote tuliiona, tukatuma hela kijijini tukaendelea na maisha. Tavneet Suri, Mkenya, na mwenzake William Jack wao wakauliza: mtu akipigwa na janga, ugonjwa, mavuno yamekufa, huyu mwenye M-Pesa anakula tofauti na asiye nayo? Wakafuatilia kaya miaka kadhaa. Wasiotumia matumizi yao yanashuka asilimia 7, wanaotumia hayashuki, kwa sababu ndugu wengi zaidi wanatuma, hata walio mbali.

BARAKA: Subiri, si labda wenye M-Pesa ndo wenye hela zao tokea mwanzo?

ZUHURA: Ehee! Umeona? Hapo ndo kazi ilipo, hiyo ndo PhD yenyewe. Wao wakatumia umbali mpaka kwa wakala, maana wakala kafungua duka karibu na kwako, wewe hukuchagua. Miaka yako yote itaishia kwenye hilo swali ulilouliza sasa hivi, labda labda labda, mpaka unaota.

BARAKA: Na wewe data zako zilikuwa za Kariakoo, si ndiyo?

ZUHURA: Maduka ya rejareja, nauliza mauzo ya mwezi. Weee. Mzee mmoja kaniangalia kuanzia viatu mpaka kishikwambi, akaniuliza, binti umetumwa na TRA, watu wa kodi? Nikamwonesha kibali, akasema haya andika biashara mbaya. Na nyuma yake kijana anashusha maboksi hayaishi! Nimekaa hapo wiki, nimekunywa kahawa yake, ndo siku moja akatoa daftari la madeni chini ya meza, "Mama Salma unga 2, sabuni 1", wengine kawakata kwa kalamu nyekundu, wengine kazungushia duara, nikamuuliza duara nini, akasema huyu kahama.

BARAKA: (anacheka) Kahama na unga wake.

ZUHURA: Kahama na unga! Halafu baadaye nasoma utafiti wa Sri Lanka wa 2009, de Mel na wenzake, kumbe wenye biashara ndogo wanapunguza mauzo yao kama asilimia 30 wakiulizwa, na ukitaka kujua faida, ni bora umuulize faida moja kwa moja kuliko kumhesabisha mapato toa gharama. Ningeusoma mapema ningeokoa miezi minne na kahawa nyingi.

BARAKA: Mwenzangu nyumbani atasemaje na miezi minne minne hiyo...

ZUHURA: Mwambie miaka mitano ili ikiwa minne ufanyiwe sherehe. Na usiache benki kabla barua ya ufadhili haijafika mkononi, mkononi kaka, sio "wamesema watatuma". Haya, hicho kichwa cha utafiti wako kinasemaje?

BARAKA: Nisome? Sawa. "Mchango wa Huduma za Kibenki katika Kukuza Biashara Ndogo na za Kati: Mfano wa Wilaya ya Temeke."

ZUHURA: ...

BARAKA: Dada?

ZUHURA: Nipo, nimezima maiki nikapumua. Baraka, huko benki kwenu ni kitu gani kinakushangaza mpaka leo, hakuna aliyewahi kukueleza kwa nini?

BARAKA: Ee... kuna wateja wana akiba ya milioni tatu wamekaa nayo hapohapo kwetu, na bado wanakopa milioni mbili kwa riba. Kila mwaka. Walewale.

ZUHURA: Andika hicho. Ukurasa mmoja, nitumie Jumapili, ila sio saa sita usiku.