Siku ya Kutoa Pesa: Mhadhara Kuhusu Kasino za Kripto Zisizo na Leseni

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie kasino za mtandaoni zinazopokea sarafu za kidijitali bila leseni, na nitaanzia mwisho, yaani siku ambayo mtu anataka kutoa pesa zake.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mchezo wenyewe umechakachuliwa?" Ni swali la haki. Ila kwa wengi niliokaa nao tukapitia mazungumzo yao na kasino ujumbe baada ya ujumbe, tatizo halikuwa mchezo. Mtu alishinda, na salio lake analiona kwenye skrini hadi senti ya mwisho. Kilichokosekana ni njia ya kulitoa.

Mambo huenda hivi. Unatuma kripto, zinaingia ndani ya dakika chache. Hakuna aliyekuuliza jina wala umri. Unacheza, salio linafika dola 3,000, unabonyeza "toa". Panaandikwa "inasubiri". Kesho yake bado inasubiri, na pembeni kuna kitufe kikubwa cha rangi kinachokuruhusu kughairi ombi na kuendelea kucheza. Kitufe kile kimewekwa pale kwa makusudi, kwa sababu anayesubiri siku tatu mara nyingi hurudi mezani, na akirudi mezani tatizo la kumlipa linajimaliza lenyewe. Usiporudi, huduma kwa wateja wanakuandikia kwa adabu: tuma picha ya pasipoti. Unatuma. Kona moja haionekani, tuma tena. Sasa piga picha ukiwa umeishika. Sasa leta uthibitisho wa makazi. Sasa leta maelezo ya chanzo cha kipato. Baada ya wiki mbili unaambiwa akaunti imetiwa alama ya hatari, na ili ifunguliwe uweke kwanza asilimia 10 ya salio lako kama kodi.

Dola 300. Nimewaona watu waliokopa ili wazilipe. Aliyelipa huambiwa imebaki ada nyingine.

Naomba hili mlishike: mahali panapotoza kodi au ada kihalali huikata kwenye pesa ulizonazo. Anayekudai uweke pesa mpya ndipo upewe zako, hana nia ya kukupa. Na kumbukeni kwamba kufikia hapo tayari ana picha ya uso wako, pasipoti yako na anwani ya nyumbani kwako. Ukipoteza pesa utatafuta nyingine, lakini picha ya uso wako huwezi kuibadilisha.

Kwa nini kripto hasa? Ukilipa kwa kadi ya benki, kuna benki katikati. Unaweza kulalamika, na malipo yanaweza kurejeshwa. Bitcoin, sarafu ya kidijitali iliyoanza mwaka 2009, ilibuniwa makusudi isiwe na mtu huyo wa katikati. Muamala ukishathibitishwa na kufunikwa na bloku kadhaa, yaani kurasa mpya za daftari lake la miamala, kazi ya kama saa moja hivi, hakuna ofisi yenye kitufe cha kuurudisha. Kwa anayemtumia ndugu yake pesa, hiyo ni sifa njema. Ukimtumia mtu usiyemjua, aliyejificha nyuma ya tovuti iliyosajiliwa juzi, ndiyo hasara yenyewe. Kuna jingine ambalo wachezaji hulisahau: sarafu yenyewe hupanda na kushuka. Novemba 2021 Bitcoin moja ilikaribia dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 17,000. Unaweza kushinda mezani, ombi lako likakalishwa miezi, na ulichoshinda kikayeyuka bila mtu kukigusa.

Sasa bonasi. Hapa nataka tufanye hesabu pamoja, maana ndipo watu wengi hunaswa wakidhani wamepewa zawadi. Umeweka dola 100, umeongezewa 100. Masharti yanasema ucheze bonasi mara 40 kabla ya kutoa. Maana yake jumla ya madau yako lazima ifike dola 4,000. Tuseme mashine unayoicheza humwachia mwenye kasino asilimia 4 ya kila dau. Asilimia 4 ya 4,000 ni dola 160. Kwa wastani, basi, utapoteza 160 ukiifukuzia zawadi ya 100. Ukisema utahamia ruleti, ule mchezo wa gurudumu la namba, yenye sifuri moja, ambako kasino hubaki na asilimia 2.7, utakuta sharti jingine: dau la ruleti linahesabiwa sehemu ndogo tu, au halihesabiwi kabisa. Na kuna mstari mmoja mdogo kuhusu kiwango cha juu cha dau. Ukiuvuka mara moja, hata kwa bahati mbaya, wana sababu ya kufuta ushindi wote.

Wenye tovuti hizi hujibu kwamba michezo yao inahakikika kihesabu, na sitaki kuwadhulumu. Ufundi huo ni wa kweli. Kabla ya mchezo, kasino huchagua namba ya siri na kukuonyesha muhuri wake, uliotengenezwa kwa kanuni ya kihesabu kama ile iitwayo SHA-256, ambayo hugeuza namba kuwa msimbo usioweza kurudishwa nyuma. Mchezo ukiisha wanakufunulia namba, na wewe unahakiki kwamba muhuri ni uleule. Hawakuibadilisha baada ya kuona dau lako. Hilo tu ndilo linalothibitishwa. Muhuri hausemi lolote kuhusu pesa zako ziko wapi, nani anazitunza, wala kama utalipwa.

Ndiyo maana nasema leseni ina maana moja kubwa: kuwepo kwa mlango wa kubisha hodi. Mfano ninaoutumia ni Full Tilt Poker, kampuni ya mchezo wa karata wa poka mtandaoni. Kampuni ile ilikuwa na leseni ya Alderney, kisiwa kidogo kati ya Uingereza na Ufaransa, na bado ikawaangusha wateja. Mwaka 2011 waendesha mashtaka wa Marekani walidai kwamba ilikuwa inadaiwa na wachezaji takriban dola milioni 390 huku benki ikiwa na takriban milioni 60. Leseni haikuzuia uozo ule. Lakini palikuwa na mdhibiti aliyeifuta leseni, palikuwa na mahakama, palikuwa na majina ya wahusika. Mwaka 2012 mali za kampuni zikauzwa kwa makubaliano na serikali, na wachezaji wa Marekani wakaanza kurudishiwa pesa zao mwaka 2014. Miaka mitatu ni mirefu, najua. Pasipo na leseni hakuna hata tarehe ya kuanza kuhesabu.

Nembo iliyo chini ya ukurasa isikutulize, kwa sababu picha inanakiliwa na yeyote. Chukua namba ya leseni, nenda mwenyewe kwenye tovuti ya mdhibiti, tafuta kwenye daftari lake, ulinganishe na anwani ya tovuti unayocheza, herufi kwa herufi. Leseni zenyewe pia hazina uzito sawa. Kwa miaka mingi Curaçao, kisiwa cha Karibiani, ilikuwa na mfumo ambamo wachache wenye leseni kuu waligawa leseni ndogo kwa wengine, na mchezaji mwenye malalamiko alipata taabu kumpata wa kumsikiliza; sheria mpya ilianza kazi Desemba 2024.

Linaloniuma zaidi ni watu waliokuwa wamejifungia wenyewe. Uingereza kuna mpango uitwao GamStop: mtu anayeona kamari inamshinda nguvu hujiandikisha, na kampuni zote za mtandaoni zenye leseni nchini humo lazima zimkatalie. Kasino zisizo na leseni haziko ndani ya mpango huo, na zipo zinazojitangaza kwa sifa hiyohiyo ya kutokuwemo. Shirika la Afya Duniani limeutambua uraibu wa kamari kuwa ni ugonjwa. Kumtafuta mgonjwa huyo usiku, baada ya kufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe, ni ukatili.

Kama pesa zako zimekwama leo, acha kutuma nyingine. Piga picha za skrini: salio, mazungumzo, masharti kama yalivyo sasa, maana hubadilishwa. Hifadhi anwani ya pochi ya kripto uliyoitumia na namba ya kila muamala. Ripoti polisi, na kwa soko la kripto ulikonunulia, mapema iwezekanavyo. Kampuni inayotoa USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, ina uwezo wa kufungia anwani na imewahi kufanya hivyo kwa maombi ya vyombo vya dola, ila pesa zikishahamishwa mara tano sita nafasi hiyo hupungua sana. Kisha, ndani ya siku chache, huenda akakuandikia mtu anayesema yeye ni mtaalamu wa kurejesha kripto zilizoibwa, anaijua kesi yako, na anahitaji malipo kidogo ya kuanzia. Usimjibu.