Saoirse au Sirsha? Majina ya Kike ya Ayalandi

ZUHURA: Haya wapendwa, wiki hii mnaongea na shangazi! Yule kaka yangu wa Dublin, wifi kajifungua mtoto wa kike, kaitwa Saoirse. Linasomeka Sirsha, wengine wanasema Sersha.

BARAKA: Hongera mno! Maana yake?

ZUHURA: Uhuru. Tena sio jina la kale, limeanza kupewa watoto karne ya 20, enzi Ayalandi inajitoa kwa Mwingereza. Sasa mama Tanga kaagiza keki, ikaandikwa SIRSHA, wifi kuona picha akaomba jina liandikwe kama lilivyo kwenye cheti.

BARAKA: Mi niko na mama. Bibi ataandikaje meseji kwa mjukuu wake?

ZUHURA: Atajifunza! Wale watu majina yao yaliandikwa na makarani wa Kiingereza miaka na miaka, Siobhán anaingia ofisini anatoka Johanna au Julia, Gobnait anatoka Deborah.

BARAKA: Gobnait ndo nani?

ZUHURA: Mtakatifu wa Ballyvourney, kule Cork, wafuga nyuki wanamwomba yeye. Deborah kaingiaje hapo?

BARAKA: Sawa, ila hiyo bh ya Siobhán kusomwa v ni kumtesa mtoto wa watu.

ZUHURA: Ina kanuni bwana! Zamani walikuwa wanaweka nukta juu ya herufi kuonyesha sauti imelegezwa, walipohamia herufi za Kirumi za kawaida, katikati ya karne ya 20 hivi, nukta ikawa h. Ndo maana Niamh ni Niiv, Caoimhe ni Kiiva.

BARAKA: Umeona? Wao wenyewe walibadilisha! Na sisi tuliandika kwa herufi za Kiarabu karne nyingi, tukahamia za Kirumi, na Mwana Kupona, yule mshairi wa Pate, bado ni Mwana Kupona.

ZUHURA: Sisi nani alituuliza? Wamishenari na wakoloni ndo waliamua.

BARAKA: Hatukuulizwa, lakini leo mi na bibi yangu tunasomana. Jina ni la kuitwa, Zuhura, mdomo ukilifikisha limefika.

ZUHURA: Hapana. Ukiliandika Sirsha umefuta lugha yake, Kiayalandi, na ile lugha iliponea chupuchupu.

BARAKA: Sijafuta kitu, nimemkaribisha mtoto nyumbani.

ZUHURA: Basi tutabishana mpaka kesho.

BARAKA: Kesho ipi, fundi mitambo ananyoosha vidole viwili!

ZUHURA: Jamani! Nilikuwa na orodha nzima, Fionnuala, bega jeupe, yule wa ngano ya watoto waliogeuzwa mabata maji miaka 900, alafu Niamh, maana yake mng'aro, kampeleka shujaa Oisín kwa farasi mpaka Tír na nÓg, nchi ya ujana wa milele, mwenzie anadhani kakaa miaka 3 kumbe 300...

BARAKA: Na wa Wales?

ZUHURA: Gwenllian! Binti mfalme, kaongoza jeshi dhidi ya Wanormani pale Kidwelly 1136, akauawa, na mpaka leo uwanja ule...

BARAKA: Dada, muda. Gwenllian apewe kipindi chake mwenyewe.

ZUHURA: Kizima lakini, sio nusu!